Kabati, Bodi na Mrija: Misingi ya Uagizaji na Ukarabati wa Makabati ya Michezo ya Video ya Kijapani

1.0 Utangulizi

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ilitoa mchezo wa Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado, na mashine zake zikaenea katika mikahawa na kumbi za michezo nchini Japani. Kwa takribani miongo mitatu iliyofuata, mchezo wa video wa kulipia sarafu ulikuwa kifaa chenye sehemu kuu tatu: kabati, bodi ya saketi iliyobeba mchezo wenyewe, na monita iliyojengwa juu ya mrija wa miale ya kathodi. Mrija huo ni teknolojia ileile ya televisheni nene ambazo mitaani huitwa televisheni za chogo. Kadiri kumbi za Japani zinavyofungwa au kuhamia skrini bapa, makabati ya zamani huuzwa kwa wafanyabiashara na kusafirishwa hadi Marekani, Uingereza, Ufaransa, Australia na kwingineko, ambako hununuliwa na watu binafsi, wamiliki wa kumbi na makumbusho.

Makala haya yanafafanua hatua kuu za uagizaji na ukarabati wa makabati hayo, kwa kujikita zaidi katika monita. Hoja inayojengwa ni kwamba, kati ya sehemu tatu zilizotajwa, mrija pekee ndio usioweza kutengenezwa upya. Kabati huweza kuchongwa, kupigwa rangi na kuunganishwa. Bodi huweza kurekebishwa kipande kwa kipande. Lakini viwanda vilivyotengeneza mirija mikubwa ya rangi vimekwisha kufungwa. Kwa hiyo, kila uamuzi wa mwagizaji na fundi unapaswa kupimwa kwa swali moja: je, uamuzi huu unaongeza au unapunguza uhai wa mrija?

2.0 Kabati la Kijapani kama Mfumo

Ili kuelewa swali hilo, ni lazima kwanza kutofautisha kabati la Kijapani na lile lililozoeleka Marekani. Huko Marekani kabati lilijengwa mara nyingi kwa ajili ya mchezo mmoja, na michoro iliyobandikwa ubavuni ilikuwa sehemu ya utambulisho wa mchezo huo. Japani ilifuata njia nyingine. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa mashine za burudani, kinachofahamika kwa kifupisho JAMMA, kiliweka kiwango kimoja cha kiunganishi chenye ncha 56. Kupitia kiunganishi hicho bodi hupokea umeme na amri za mchezaji, kisha hutoa picha na sauti. Mwenye ukumbi aliweza kuchomoa bodi ya mchezo uliochosha wateja na kuchomeka nyingine bila kubadilisha kabati.

Kutokana na mfumo huo yalizaliwa makabati ya kukaliwa, yenye umbo jepesi na sura isiyofungamana na mchezo wowote. Sega ilitoa Aero City mwaka 1988, Astro City mwaka 1993 na Blast City mwaka 1996. Taito nayo ilitoa Egret II, kabati lililosifika kwa utaratibu wake wa kugeuza monita kutoka mlalo kwenda wima bila kuifungua. Ugeuzaji huo ulikuwa na maana kubwa, kwa sababu michezo mingi ya kupigana ilichorwa kwa mlalo ilhali michezo mingi ya ndege za kivita ilichorwa kwa wima.

Tokeo la kinadharia ni muhimu. Iwapo kabati halina mchezo wake wa kudumu, uhalisi wake hauwezi kutafutwa kwenye bodi. Unatafutwa kwenye umbo, kwenye vifaa vya kuchezea, na zaidi ya yote kwenye picha inayoonekana juu ya kioo.

3.0 Nafasi ya Mrija katika Picha

Mrija wa miale ya kathodi hauchori picha yote kwa wakati mmoja. Miale ya elektroni huanzia shingoni mwa mrija, hupindishwa na koili zenye usumaku, kisha hupiga fosforasi iliyopakwa nyuma ya kioo, mstari mmoja baada ya mwingine. Bodi nyingi za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitoa mistari inayokaribia 15,700 kwa sekunde, yaani masafa ya kilohezi 15.7. Baadaye zilikuja bodi za kilohezi 24 na 31. Monita ya Blast City ilitengenezwa kupokea masafa hayo yote matatu. Bodi ya kilohezi 31 ikiunganishwa na monita ya zamani inayopokea kilohezi 15 peke yake, picha haisomeki na saketi za monita huweza kuungua.

Wachoraji wa michezo walifanya kazi wakiwa na kioo hiki mbele yao. Mfano mzuri ni Street Fighter II ya Capcom, iliyotolewa mwaka 1991. Picha yake ina nukta 384 kwa upana na 224 kwa kimo. Nukta hizo zikionyeshwa kama miraba kamili, wapiganaji huonekana wamenenepa, kwa kuwa picha huwa pana kupita kiasi. Mrija wenye uwiano wa 4 kwa 3 huzibana nukta hizo na kuwarudishia wapiganaji umbo walilokusudiwa. Aidha, mwanga wa kila mstari husambaa kidogo na kulainisha kingo za rangi. Michezo mingi ya kulenga shabaha kwa bunduki hutegemea mrija kwa namna ya moja kwa moja zaidi: bunduki hutambua ilikoelekezwa kwa kupima wakati ambapo mwale wa mwanga unapita mbele yake. Bunduki hiyo ikielekezwa kwenye skrini bapa, haioni kitu.

Kwa msingi huo, si sahihi kuichukulia monita kama dirisha tu la kuutazamia mchezo. Monita ni sehemu ya mchezo.

4.0 Uagizaji: Safari, Sheria, Umeme na Usumaku

Biashara hii inafanana kwa kiasi fulani na ile ya magari yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa: bidhaa iliyomaliza kazi yake ya kwanza Japani hukusanywa, hupakiwa kwenye kontena na kuanza maisha mapya ng'ambo. Tofauti ni kwamba kabati lina kioo kizito kilichotolewa hewa, chenye shingo nyembamba inayovunjika kwa urahisi. Kabati zima hukaribia au kuzidi kilo 100, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, upande wa kioo. Hivyo, kabati hufungwa likiwa limesimama, magurudumu yake huzuiwa, na bodi huondolewa na kufungwa peke yake.

Suala la pili ni la kisheria. Kioo cha mirija hii kina madini ya risasi, na taka zake zimeorodheshwa miongoni mwa taka hatarishi chini ya Mkataba wa Basel. Tangu tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya mkataba huo yanataka taka zote za kielektroniki, zilizo hatarishi na zisizo hatarishi, zisafirishwe kati ya nchi wanachama kwa ridhaa ya awali ya nchi inayozipokea. Kwa sababu hiyo, mwagizaji hana budi kuonyesha kwamba kabati lake ni bidhaa iliyotumika na bado inafaa kutumika. Kumbukumbu za majaribio, picha za monita ikiwa inawaka na ufungaji makini ni ushahidi wa tofauti hiyo.

Suala la tatu ni umeme. Japani hutumia volti 100, kwa masafa ya hezi 50 mashariki na hezi 60 magharibi. Nchi nyingi za Ulaya, pamoja na zile za Afrika Mashariki, hutumia volti 230 hadi 240. Kuchomeka kabati la Kijapani moja kwa moja katika umeme huo ni kuliteketeza. Hata volti 120 za Marekani huchosha vipuri vilivyokusudiwa kufanya kazi kwa 100. Suluhisho ni transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo unaozidi mahitaji ya kawaida ya kabati, kwa kuwa koili ya kuondoa usumaku huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi monita inapowashwa. Vilevile, waya wa erthi ni lazima uunganishwe. Makabati mengi huja na plagi ya ncha mbili na waya wa erthi ulioachwa pembeni, na kuupuuza waya huo ni kuyaacha maungo ya chuma bila kinga.

Suala la nne husahaulika mara kwa mara, nalo ni usumaku wa dunia. Uga huo huipinda kidogo miale ya elektroni. Nchini Japani mistari ya uga huelekea chini ardhini; kusini ya ikweta ya sumaku huelekea juu. Barani Afrika ikweta hiyo hupita kaskazini ya ikweta ya kijiografia, hivyo Kenya na Tanzania, kama ilivyo Australia, ziko upande ulio kinyume na Japani. Mrija uliorekebishwa Japani huweza kuonyesha mabaka ya rangi pembeni mwa kioo ukifika huku, ingawa hauna kasoro yoyote. Fundi asiyelijua hili huweza kuuhukumu mrija mzima kuwa mbovu na kuutupa.

5.0 Ukarabati wa Monita

Usalama hutangulia. Ndani ya monita ya rangi ya inchi 29 mna volti kati ya 20,000 na 30,000 kwenye anodi. Chaji hiyo huweza kubaki baada ya umeme kuzimwa, na kapasita kubwa ya upande wa umeme mkuu nayo huhifadhi chaji ya hatari. Fundi huanza kwa kuchomoa waya wa umeme, kisha huiondoa chaji ya anodi kwa kifaa chenye mpini usiopitisha umeme kilichounganishwa na waya wa erthi wa mrija. Shingo ya mrija haishikwi kama mpini wa kubebea.

Hatua inayofuata ni kuchunguza kabla ya kubadilisha. Kasoro nyingi za monita za zamani hazitoki kwenye mrija. Kapasita za elektroliti hukauka kwa joto na miaka, na matokeo yake ni picha inayojikunja, kutetemeka au kupungua upana. Sehemu zilizolehemiwa hupasuka kwa kupata joto na kupoa mara kwa mara, hasa chini ya vipuri vizito. Fundi huzilehemu upya. Transfoma ya volti kubwa ikifa, picha hutoweka kabisa. Kasoro zote hizi zinatibika kwa vipuri vinavyopatikana, au kwa vibadala vyenye vipimo vilevile.

Baada ya saketi kutengemaa, usumaku uliojikusanya kwenye mrija huondolewa kwa koili ya mkononi. Kisha pete za shingoni hurekebishwa ili kila mwale ufike kwenye fosforasi ya rangi yake, na hatimaye rangi tatu hulinganishwa mpaka mstari mweupe uonekane mweupe tangu katikati hadi kingoni. Monita inapogeuzwa kutoka mlalo kwenda wima, usumaku huondolewa tena. Volti 5 zinazolisha bodi hupimwa kwenye kiunganishi kabla bodi haijachomekwa, kwa sababu volti iliyozidi huua bodi isiyo na mbadala.

Kuna kasoro moja ambayo saketi haiwezi kuitibu: alama iliyochomeka kwenye fosforasi kwa sababu picha ileile ilionyeshwa kwa maelfu ya saa. Hapa mafundi hutafuta mrija mwingine, mara nyingi kutoka katika televisheni ya nyumbani yenye ukubwa uleule, na huhakikisha kwamba shingo, soketi na koili za kupindisha miale zinaoana. Kwa njia hii, televisheni ya chogo iliyotupwa kando ya barabara imekuwa ghala la mwisho la kipuri hiki. Maarifa ya fundi televisheni wa mtaani, ambayo wengi walidhani yamepitwa na wakati, ndiyo hasa yanayohitajika.

6.0 Mjadala: Uhalisi na Uamuzi wa Fundi

Baadhi ya wakarabati hupendelea kuondoa mrija na kuweka skrini bapa. Wanadai, kwa haki, kwamba skrini hiyo ni nyepesi, hutumia umeme mdogo na haina volti za kuua. Katika ukumbi wa biashara hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ikiwa mrija mzima hutupwa ili kupisha skrini, kinachopotea hakirudi. Makala haya yanapendekeza kanuni ya urejeshekaji, inayofahamika vyema katika uhifadhi wa makumbusho: badiliko likubalike iwapo linaweza kuondolewa baadaye bila kuacha jeraha. Skrini bapa ifungwe bila kukata kabati, na mrija ulioondolewa uhifadhiwe au ukabidhiwe kwa anayeuhitaji.

Kanuni hiyohiyo ihusishwe na desturi ya kubomoa makabati mawili ili kupata moja zuri. Iwapo kabati la pili lina mrija mzima, ubomoaji huo unamnufaisha mnunuzi mmoja na kupunguza akiba ya wote. Kapasita mpya, rangi mpya na vibandiko vilivyochapishwa upya havipunguzi uhalisi, ilimradi viandikwe katika kumbukumbu ya kabati ili mtafiti wa baadaye aweze kutofautisha cha asili na cha kubuniwa.

7.0 Hitimisho

Imebainishwa kuwa kabati la Kijapani liliundwa ili bodi ibadilike na kabati libaki, na kwamba kilichobaki kina kiini kimoja kisichozalishwa tena. Kutokana na ukweli huo, ubora wa ukarabati haupimwi kwa mng'ao wa rangi ya nje. Hupimwa kwa saa ambazo mrija utaendelea kuwaka: kwa volti sahihi, kwa mwangaza usiopita kiasi, kwa kuzimwa pasipo na mchezaji, na kwa kutohukumiwa kufa kwa kosa la kapasita. Siku ambayo mirija ya mwisho itazimika, bodi zitaendelea kutoa ishara zake na programu zitaendelea kunakiliwa, lakini picha waliyoikusudia wabunifu haitakuwa na mahali pa kuonekana. Kuichelewesha siku hiyo ndiyo kazi halisi ya mkarabati.