HESABU YA KOMPYUTA NAYO IKAGULIWE

Ndugu wafanyakazi, mwajiri akituwekea karatasi mezani na kusema kompyuta imekokotoa na fedha za nyongeza hakuna, tusikubali upesi. Tutazame yaliyotokea Marekani.

Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika kwamba nchi zenye deni linalopita asilimia 90 ya pato lake, uchumi wake hupungua kwa wastani wa asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliishika hesabu hiyo kutetea kubana matumizi ya umma.

Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alilipata jedwali lenyewe. Wastani ulipaswa kuchukua mstari wa 30 hadi wa 49. Fomula iliishia wa 44. Nchi tano ziliachwa nje! Kosa hilo liliporekebishwa, pamoja na namna ya kuchagua miaka na kuipa kila nchi uzito, wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2. Wachumi hao walikiri kosa la fomula.

Kisanduku cha jumla huchota namba katika visanduku vingine, navyo huchota kwingine, kama mifereji shambani. Programu fupi huweza kusoma fomula zote na kuorodhesha kila kisanduku kinachota wapi. Kulinganisha ni kazi yetu: je, vibarua wamo? Saa za ziada zimo?

Basi kamati za matawi zidai faili lenye fomula, si karatasi iliyochapwa tu.