Profesa Masao, michoro ya miambani na dhahabu ya Mjerumani

Fidelis Taliwawa Masao ni mwanaakiolojia na mwanahistoria wa sanaa ya miambani aliyepata kuiongoza Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, kisha akafundisha akiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miongoni mwa maandishi yake ya mapema ni makala ya mwaka 1974 kuhusu mifongo ya Uchagani, ile mifereji inayoteremsha maji ya mlimani hadi migombani. Humo aliichunguza mifereji kwa historia ya watu walioichimba na kuigawana. Tabia hiyo ya kukihoji kitu kilichofanywa kwa mkono mpaka kimtaje aliyekifanya ndiyo aliyoipeleka kwenye miamba ya Kondoa na Singida.

Utafiti wa miamba hiyo ulimpatia shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, mwaka 1976, ukatoka kuwa kitabu mwaka 1979. Mwaka 1982 Makumbusho ya Taifa ilichapisha andiko lake linalolinganisha michoro ya Kondoa na ile ya Singida. Wengine walikwisha kupita huko: Ludwig Kohl-Larsen katika miaka ya 1930, na Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951 kwa uvumilivu wa ajabu. Masao hakuishia ukutani. Alichimbua pia ardhi iliyo chini ya michoro, katika mapango kama Kandaga, Majilili na Kirumi Isumbirira, ili picha isomwe pamoja na mabaki ya watu waliokaa mbele yake.

Hapo kwenye kuchimba ndipo mtaalamu wa fani hii anapokosa raha. Akitaja kuchimba chini ya michoro, msikilizaji haulizi nani alichora wala kwa nini. Anauliza Wajerumani walifukia wapi dhahabu. Swali hilo huulizwa Kolo, huko Kondoa, mbele ya twiga wekundu waliochorwa mwambani, na huulizwa Ufipa, kusini magharibi mwa nchi, kando ya malungu, matanuru ya kale ya kuyeyushia chuma. Limejibiwa mara nyingi mno, na bado linarudi likiwa limebeba sururu.

Kuna kwanza suala la miaka. Utawala wa Kijerumani ulianza mwaka 1885, na mikoa ya ndani kama Ufipa ilifikiwa baadaye sana. Umri wa michoro myekundu ya Kondoa bado unabishaniwa na wataalamu, lakini wanabishana kwa maelfu ya miaka. Michoro myeupe iliyofuata, kazi ya wakulima, ni ya karibuni zaidi, na hata hiyo haikusubiri bendera ya Kaiser. Mwindaji aliyesaga ngeu, udongo ule mwekundu, akamchora mnyama juu ya mwamba, hakuwa akimwelekeza mtu kwenye sanduku la afisa ambaye babu wa babu yake hajazaliwa.

Waumini wa hazina wana jibu lao: Mjerumani aliikuta michoro akaifanya alama. Haya, basi aulizwe huyo Mjerumani dhahabu aliitoa wapi. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga bahari na koloni likaishiwa fedha. Noti za dharura zikapigwa chapa humu humu nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu, na sarafu ndogo ziitwazo heli zikatengenezwa kwa shaba ya njano, yakiwemo maganda ya mizinga. Dhahabu kidogo iliyotoka mgodi wa Sekenke ilitoa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zipatazo 16,000. Kila moja ilizidi kidogo gramu 7, na zote pamoja hazifikii kilo 120. Serikali yenye akiba ya kufukia katika kila kilima cha Tanganyika haiyeyushi maganda ya mizinga ili ipate chenji.

Ufipa yenyewe ina ushahidi wake. Ngome ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, ilichukuliwa na Waingereza Juni 1916 baada ya kikosi cha Wajerumani kutoroka kwa mitumbwi usiku. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia. Jeshi lake lilizunguka likibebewa mizigo na wapagazi walioshinda na njaa. Kila kichwa kilihesabiwa kwa chakula na risasi. Hakuna kamanda anayewatwisha watu wa namna hiyo masanduku ya dhahabu kwa ajili ya wajukuu wa adui.

Na zile alama za saruji na chuma juu ya vilima, ambazo wengine hudhani zinaelekeza hazina? Ni nguzo za upimaji ardhi. Mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulipimwa na tume ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1898, na wapimaji wengine wakaja baadaye. Nguzo ya mpimaji haielekezi hazina. Inaielekeza ramani, na anayeing'oa anamwachia jirani yake kesi ya mpaka.

Malungu ndiyo yanayoumiza zaidi, kwa kuwa hayo hayana hata fumbo. Milanzi ni kiti cha watawala wa kale wa Ufipa, ambao masimulizi huwaanzisha na Ntatakwa aliyeshuka kutoka mbinguni, na nchi yao ilisifika kwa wahunzi. Lungu ni mnara wa udongo wa kichuguu unaoweza kufikia kimo cha mita 3, wenye matundu chini ya kuingizia mirija ya udongo. Hewa ilijivuta yenyewe bila viriba, na chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe. Mtafiti J. A. R. Wembah-Rashid aliandika juu ya wahunzi hao mwaka 1969. Anayebomoa sakafu ya lungu leo anakuta mavi ya chuma, mkaa, na pengine mahali wahunzi walipofukia dawa zao. Hayo yote hayauziki, na yakishachanganywa hakuna awezaye kuyasoma.

Kisha huja mganga: mbuzi mweusi, shuka nyeupe, majini walinzi, zebaki, mashine ya kupimia inayolia ikipita juu ya msumari. Wazee wanaotambika kwenye pango la Mungomi wa Kolo hawamo katika kundi hili; wana mila yao na hawamchimbii mtu shimo. Mganga wa hazina analipwa kabla ya kuchimba, na hiyo ndiyo dhahabu pekee katika biashara nzima.

Shimo lake linaharibu nini? Ukuta wa chimbo lililochimbwa kwa utaratibu, kwa mwiko na brashi, husomeka kutoka juu kwenda chini: jivu na samadi ya mbuzi, vigae vya vyungu, halafu vijiwe vyeupe vilivyopasuliwa, vingine vidogo kama kucha, na hapa na pale kipande cha ngeu kilicholika upande mmoja kwa kusagwa. Kipande hicho kikipimwa pamoja na mkaa wa tabaka lake, kinasogeza mjadala wa umri wa michoro. Kikitupwa juu ya kifusi ni udongo mwekundu tu.

Masao mwenyewe aliendelea na uchimbaji wa utaratibu, safari hii Olduvai, pamoja na Robert Blumenschine na wenzao. Taya la juu la binadamu wa kale liitwalo OH 65, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.8, lilipatikana huko mwaka 1995 na kutangazwa mwaka 2003. Desemba 2016 jina la Masao lilitangulia katika makala iliyotangaza nyayo mpya za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.66, takriban mita 150 kutoka zile zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey. Zilionekana katika mashimo ya majaribio yaliyochimbwa kukagua eneo lililopangwa kujengwa makumbusho. Kwa mtu aliyewahi kuongoza makumbusho, ni bahati inayostahili.

Anayekuta mchoro, lungu au vigae shambani asimwage maji, asipitishe chaki, asikwangue, asiwashe moto chini yake. Apige picha akiweka kando kitu cha kuonyesha kipimo, aandike jina la mahali, amwone mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa halmashauri, ili taarifa ifike kwa wahusika wa mambo ya kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na inakataza kuchimbua bila leseni. Vya baadaye, yakiwemo malungu mengi yaliyosimama, huenda vikahitaji tangazo la waziri, kwa hiyo halmashauri iombe mapema. Mwenye shamba alime akizunguka lungu na kuacha hatua chache pande zote, na mtoto wa shule apelekwe akalione kabla ya mvua kuliangusha.