HABA NA HABA HUJAZA PICHA

Wengi wetu hudhani kwamba picha nzuri lazima ionyeshe kitu vile kilivyo. Mimi nasema la! Iko picha nyingine, ambayo hupigwa mara kadhaa juu ya fremu moja, humo humo ndani ya kamera.

Mjomba wangu, mpiga picha za harusi, ana Nikon FM2, kamera ya filamu iliyotoka mwaka 1982. Ina kijiti kidogo. Ukikivuta wakati wa kukaza kamera, filamu haisogei, kwa hivyo picha ya pili huangukia juu ya ile ya kwanza.

Siri yote ni mwanga. Filamu ni kama kibaba, nao mwanga ni mtama. Ukimimina kupita kiasi utamwagika, yaani picha itakuwa nyeupe pepepe. Kwa hivyo gawanya. Ukipiga mara 2, kila mara ingiza nusu ya mwanga. Ukipiga mara 4, ingiza robo. Njia rahisi ni hii: filamu ikiwa ya ISO 100, weka kipimo cha kamera kwenye 200 kwa picha 2, au 400 kwa picha 4. Hesabu ya shule ya msingi tu!

Tena, epuka mbingu nyeupe ya saa sita, maana hufuta kila kinachopigwa juu yake. Penye kivuli ndipo picha ya pili hujichora vizuri.

Nyuma ya maabara yetu kuna mjakaranda uliotiwa alama ya rangi. Utakatwa likizo ya Desemba ili madarasa yajengwe. Picha ya kawaida ya mti huo kila mtu anaweza kuipiga. Mimi nilitaka ule mtikisiko wake wa Oktoba, upepo ukivuma na maua yakidondoka. Nilisimama pale pale, nikapiga mara 4, kila mara nikisogeza kamera kidogo tu. Matawi yalipotea, maua yakawa kama moshi wa zambarau. Wenzangu wakaniuliza, "Sasa hii ni nini?" Lakini msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliitazama, akasema, "Si ni ule mti wetu!"

Wenye kamera za dijitali nao wasikate tamaa. Canon EOS 5D Mark III ya mwaka 2012, kwa mfano, huunganisha hadi picha 9, na ukichagua wastani, yenyewe hugawa mwanga.

Basi anza na mti ulio karibu na kwenu. Wetu umebakisha wiki chache.