Katiba ya kikundi chenu: jinsi ya kurekebisha vichwa na ukurasa wa Yaliyomo

Katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kama vile Nakivale na Kyangwali, kuna vikundi vingi vya akiba na mikopo, vya wakulima na vya vijana. Kikundi kinapoomba usajili wilayani, hutakiwa kuwasilisha katiba yake. Mara nyingi mtu mmoja huichapa kwenye kompyuta ya kuazima, mwingine huongeza vifungu, na mwishowe ukurasa wa Yaliyomo haulingani tena na katiba yenyewe.

Hili si suala la urembo. Tuseme katiba inasema kwamba "atakayevunja kifungu cha 12 atafutiwa uanachama". Mkiongeza kifungu kipya cha 5, kile cha 12 kinakuwa cha 13, lakini sentensi ile inabaki vilevile. Siku ya ugomvi, mwanachama anaweza kufukuzwa kwa kifungu kinachohusu jambo jingine kabisa.

Kwa nini Yaliyomo hukosea?

Programu ya Word haielewi maana ya maneno yako. Ukikoleza maneno na kuyafanya makubwa, wewe unaona kichwa, lakini Word inaona maneno ya kawaida yaliyokolezwa. Yenyewe hutambua kichwa kwa mtindo wake: "Heading 1" kwa sura, "Heading 2" kwa vifungu na "Heading 3" kwa vifungu vidogo. Ukurasa wa Yaliyomo hukusanywa kutoka kwenye mitindo hiyo.

Matatizo ya kawaida na dawa yake

Kichwa hakionekani kwenye Yaliyomo. Weka kishale kwenye kichwa hicho, kisha bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja. Kwa ngazi za chini, tumia 2 au 3.

Aya nzima imeingia kwenye Yaliyomo. Aya hiyo ilipewa mtindo wa kichwa kwa makosa. Bonyeza Ctrl, Shift na N ili irudi kuwa maandishi ya kawaida.

Kichwa na maelezo viko kwenye mstari mmoja. Katiba nyingi huandikwa hivi: "Uanachama. Kila mwanachama atalipa ada." Vitenganishe kwanza kwa Enter. Kipe kichwa mtindo wake, na maelezo yabaki ya kawaida. Kisha rudisha kishale kwenye kichwa, ubonyeze Ctrl, Alt na Enter. Vitaungana tena kwenye mstari mmoja, lakini kichwa peke yake ndicho kitakachoingia kwenye Yaliyomo.

Kuna mstari mtupu kwenye Yaliyomo. Mahali fulani kuna mstari usio na neno wenye mtindo wa kichwa. Utafute na uufute.

Namba za kurasa ni za zamani. Usizifute na kuandika nyingine kwa mkono. Bofya Yaliyomo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Update Field", kisha "Update entire table". Ukichagua namba za kurasa peke yake, vichwa vipya havitaingia.

Yameandikwa "Error! Bookmark not defined". Yaliyomo inatafuta kichwa kilichofutwa au kuandikwa upya. Hakikisha vichwa vyote vina mtindo, kisha sasisha orodha nzima.

Vifungu vinavyotajana

Vifungu vikiwa na namba zinazowekwa na Word yenyewe, usiandike "kifungu cha 12" kwa mkono. Fungua "References", chagua "Cross-reference", kisha chagua kifungu unachokitaja. Mkiongeza kifungu kingine, bonyeza Ctrl na A, halafu F9, na namba zitajirekebisha.

Kabla ya kuchapisha

Chagueni mtu mmoja wa kutunza faili kuu; wengine wampe marekebisho yao. Sasisheni Yaliyomo mwisho kabisa, kisha hifadhini nakala ya PDF ili kurasa zisihame kwenye kompyuta ya mahali pa kuchapisha. Faili ya Word msiifute, mtaihitaji mkibadilisha katiba.

Mwisho, someni katiba kwa sauti mbele ya wanachama, kifungu kwa kifungu, huku mmoja wenu akifuatilia Yaliyomo. Kompyuta hupanga namba, lakini kama kifungu kinachotajwa ndicho mlichokubaliana, hilo mtalijua ninyi wenyewe.