Mhubiri wa Ndarugu

Ukitoka Ruiru kwenda Thika, ukishapita Juja unavuka mto Ndarugu. Jumapili asubuhi spika za makanisa ya mabati husikika pande zote za barabara kuu, mhubiri akinena kwa lugha, waumini wameinua mikono juu. Wengi huamini ibada hii tuliletewa kutoka Marekani na Kanada. Naona tunamdhulumu Joseph Ng'ang'a. Wakurinu, Wakristo wa kanisa la Kiafrika wanaomhesabu kuwa mmoja wa waasisi wao, husimulia kwamba mwaka 1926 alisikia akiitwa kwa jina, akajitenga miaka mitatu kusali na kusoma Biblia. Alipotoka alihubiri Roho Mtakatifu, unabii na ndoto, bila kibali cha misheni yoyote. Wenzake waliitwa Arathi, yaani manabii. Jomo Kenyatta aliwaandika katika Facing Mount Kenya, mwaka 1938, kwa jina la Watu wa Mungu. Wakati huo Ng'ang'a alikuwa amekwisha kufa: Februari 1934 polisi wa kikoloni walimpiga risasi yeye na wenzake wawili katika msitu wa Ndarugu.

Itasemwa kwamba Wakurinu, na vilemba vyao vyeupe, si Wapentekoste. Kwa nasaba ni kweli: makanisa mengi ya Kipentekoste nchini yanatokana na misheni ya Wakanada kule Nyang'ori, au na watu kama Joe Kayo, aliyeanzisha Deliverance Church mwaka 1970. Lakini dai analosimamia mhubiri wa Thika leo, kwamba Roho humwita mtu wa kawaida bila kupitia ofisi ya mzungu wala cheti cha chuo, lilikwisha kulipiwa kwa damu katika nchi hii ya Kiambu kabla Kayo hajazaliwa. Itasemwa pia kwamba Arathi walibeba pinde na mishale. Walibeba, na serikali iliyokuwa na hofu iliona uasi. Hata hivyo kundi dogo la watu wa sala halikuwa jeshi. Walipokataa dawa za hospitali walikosea, na hapo siwatetei.

Pingamizi zito ni hili: wito usiopimwa na yeyote umewafungulia mlango wanaouza mafuta ya upako na kuwadai maskini "wapande mbegu". Naliheshimu. Ila Ng'ang'a halipi nguvu. Yeye hakukabidhiwa maikrofoni siku aliyodai kuitwa. Alikaa miaka mitatu na Kitabu, kisha ndipo akafungua kinywa.