UZI: Daktari akikosea, fidia inatoka mfuko wa nani?

Wadau, kila video ya familia inayolia nje ya hospitali ikisambaa, mtandao hugawanyika mara mbili kabla jua kutua. Huyu anasema daktari akamatwe na auze gari alipe. Yule anasema hospitali haina hata glavu, muacheni daktari. Wanasiasa huchagua upande kulingana na nani anasimamia hospitali hiyo. Wiki ikiisha tunahamia bei ya mafuta, na ile familia inabaki na faili la hospitali na mchango wa mazishi. Hakuna aliyewaambia kama kuna pesa popote ya kuwalipa.

Kwanza tutenganishe bima mbili, kwa sababu kwenye mijadala zinachanganywa sana. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ile unayokatwa 2.75% ya mshahara, hulipia matibabu yako. Ukiumizwa na matibabu hayo, SHA haikulipi fidia. Hiyo ni kazi ya bima nyingine ambayo madaktari huita indemniti, yaani bima ya dhima ya kitaaluma. Ifikirie kama bima ya matatu. Mwenye gari ndiye anayeinunua, lakini inakuja kusaidia abiria au mtu wa njiani akigongwa. Tofauti ni kwamba bima ya matatu utaiona kwa kibandiko kwenye kioo. Ya daktari huioni popote, na wagonjwa wengi hata hawajui kuna kitu kama hicho cha kuuliza.

Sasa, si kila kifo hospitalini ni uzembe. Hili watu hawapendi kulisikia lakini ni lazima lisemwe. Ukienda mahakamani lazima uonyeshe mambo matatu: daktari alikuwa na wajibu kwako, alifanya chini ya kiwango kinachotarajiwa, na kosa hilo ndilo lililokuumiza, si ugonjwa wenyewe. Kipimo cha kiwango tulikirithi kwa Waingereza, kwenye kesi ya Bolam ya 1957. Daktari hana hatia kama alifanya jambo ambalo kundi la madaktari wenye ujuzi wangelikubali. Kwa hivyo unahitaji daktari mwingine aje aseme mwenzake alikosea. Jaribu kumpata. Katika taaluma ambayo watu wamesoma pamoja, wamegoma pamoja siku 100 kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, na watakutana tena kwa interview za kazi, shahidi wa aina hiyo hapatikani hivi hivi.

Uingereza wenyewe wamekisogeza kipimo hicho. Mwaka 2015 Mahakama yao ya Juu ilimpa ushindi mama mmoja wa Scotland mwenye kisukari, ambaye hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yanaweza kukwama akijifungua kwa njia ya kawaida. Yakakwama kweli, mtoto akaumia vibaya. Fidia ilikuwa pauni milioni 5.25. Mahakama ilisema swali si kile madaktari wanaona ni muhimu kusema, ni kile ambacho mgonjwa kama huyo angetaka kujua kabla ya kuamua. Na hapa Kenya Sheria ya Afya ya 2017 inataka uelezwe hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida na hatari zake, tena kwa lugha unayoielewa inapowezekana. Ile fomu ya Kiingereza unayopewa utie sahihi ukiwa na uchungu wa kuzaa, sijui kama kuna mtu ataisimamia mbele ya jaji na kusema hayo ndiyo maelezo.

Tuje kwa daktari mwenye kliniki yake. Huyu ananunua bima mwenyewe, na bei inategemea anachofanya. Anayepima presha na kuandika dawa analipa kidogo. Anayezalisha, anayepasua na anayetia watu usingizi wa upasuaji analipa zaidi, kwa sababu kosa moja huko linaweza kuzaa dai la maisha yote ya mtoto. Shida yenyewe imejificha kwenye maandishi madogo, na ni muhimu hata kwako wewe mgonjwa.

Kuna mikataba ya aina mbili. Ya kwanza hufuata siku tukio lilipotokea. Kama bima ilikuwa hai siku hiyo, inalipa hata dai likija baadaye. Ya pili hufuata siku dai lilipoletwa. Tuseme daktari amekupasua 2022, akastaafu 2023 na kuacha kulipa bima, wewe ukamshtaki 2024. Chini ya mkataba wa aina ya pili hakuna bima tena, ingawa alikuwa nayo siku alipokushika kisu. Ili kuziba pengo hilo daktari hununua nyongeza ya kumlinda baada ya kuacha kazi au kubadilisha kampuni. Asipoinunua, mgonjwa ameshinda kesi dhidi ya mzee aliyestaafu ambaye shamba lake liko kwa jina la bibi.

Kuna kifungu kingine kinachoniuma zaidi. Mikataba mingi humkataza daktari kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Ndiyo maana baada ya jambo baya kutokea ghafla kila mtu hospitalini anaanza kuongea kama wakili. Familia inataka kuambiwa ukweli na pole, daktari anaogopa pole hiyo itamfanya apoteze bima. Wengi huishia kushtaki kwa sababu hakuna aliyewaeleza kitu, si kwa sababu ya pesa. Na mkataba huo huo unamtaka daktari aijulishe kampuni mara tu anapojua kuna tatizo. Akikaa kimya akitumaini litapita, kampuni inapata sababu ya kukataa kulipa.

Hospitali kubwa za kibinafsi nazo zina ujanja wao. Unaingia ukiona nembo ya hospitali, unalipa kaunta ya hospitali, lakini aliyekupasua ni daktari bingwa aliyepewa ruhusa tu ya kulaza wagonjwa pale. Mambo yakiharibika, hospitali inasema huyo si mfanyakazi wetu, daktari anasema wauguzi walikuwa wenu, na kila upande una bima yake na wakili wake. Wewe uko katikati.

Sasa twende mahali ambapo wengi wetu tunatibiwa: hospitali ya kaunti. Katiba ya 2010 ilipeleka hospitali hizo kwa kaunti, zile za rufaa za kitaifa zikabaki kwa serikali kuu. Kisheria mwajiri hubeba makosa ya mfanyakazi aliyetendea kazini, kwa hivyo unayemshtaki kwa kawaida ni kaunti pamoja na daktari. Hadi hapo ni sawa. Lakini angalia vizingiti viwili.

Kizingiti cha kwanza ni muda. Kesi ya uzembe dhidi ya mtu binafsi au hospitali ya kibinafsi una miaka 3. Dhidi ya serikali, sheria ya Sura ya 39 inakupa miezi 12 tu, na mawakili wa kaunti huikimbilia sheria hiyo haraka sana. Yaani maskini aliyetibiwa hospitali ya umma ana theluthi moja ya muda anaopewa yule aliyeweza kulipia ya kibinafsi. Miezi 12 hiyo ndiyo ile unayoomboleza, unafuatilia faili, unaambiwa faili limepotea, njoo Jumatatu.

Cha pili kinakuja ukishinda. Mdeni wa kawaida akikataa kulipa unatuma madalali wabebe mali. Serikali huwezi. Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 40, hairuhusu mali yake ikamatwe. Unachukua cheti cha amri, unakipeleka kwa kaunti, unangoja. Wasipolipa unarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa anayesimamia fedha alipe, na asipotii ndipo unaomba aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Hapo fidia yako imeingia kwenye foleni moja na mkandarasi wa barabara na aliyeuzia kaunti mafuta. Kama kaunti ina bima ya kufunika makosa ya wahudumu wake, angalau kuna kampuni ya kudai. Kama haina, unadai bajeti.

Na daktari wa kaunti je? Wengi huamini "serikali itanisimamia." Kwa kosa la kazini labda. Lakini jioni huyo huyo anafanya lokamu kliniki ya mtaani kwa sababu mshahara umechelewa, na ulinzi wa mwajiri wa asubuhi haumfuati huko. Pia kuna mambo ambayo mwajiri hawezi kuyabeba kamwe. Baraza la Madaktari, KMPDC, linaangalia leseni ya mtu binafsi, na polisi wakija wanakuja na jina lake. Bima nzuri hulipia wakili hata mbele ya Baraza. Madaktari wanafunzi wa kazi, wale interns ambao malipo yao yalikuwa kiini cha mgomo wa 2024, wako usiku mzima wodini na wana uwezo mdogo kabisa wa kujilipia ulinzi huo.

Kabla ya yote hayo kuna swali la kuzuia kosa lenyewe, na hapa ndipo siasa zetu ni butu zaidi. Kumbuka mwaka 2018, Hospitali ya Kenyatta. Wagonjwa wawili walichanganywa. Mmoja alihitaji kufunguliwa kichwa kuondoa damu iliyoganda, mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji upasuaji. Akafunguliwa asiyehitaji, na iligunduliwa saa kadhaa baadaye kwamba hakuna damu ya kutoa. Jibu la kwanza la wakubwa lilikuwa kusimamisha watu kazi. Madaktari wenzao walilipinga, wakiuliza mbona daktari abebe kosa la utambulisho wa mgonjwa ambalo limepita mikono ya wengi.

Kosa kama hilo lina dawa, na ni karatasi moja. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata na kabla mgonjwa hajatoka chumbani, timu inasimama na kusema kwa sauti huyu ni nani, tunafanya nini, wapi, na shashi zote zimehesabiwa. Ilijaribiwa hospitali 8 duniani, moja ikiwa Ifakara, Tanzania, hapa jirani tu. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%, na matatizo baada ya upasuaji kutoka 11% hadi 7%. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Kampuni ya bima yenye akili inauliza kama hospitali inatumia orodha hiyo kabla ya kuipangia bei, kama vile inavyouliza kama jengo lina mitungi ya kuzima moto. Gavana anayekata utepe wa mashine mpya ya CT scan hakuulizwa na mtu.

Nchi nyingine zimejaribu njia tofauti. New Zealand tangu 1974 iliacha kabisa mambo ya kutafuta mkosaji. Ukiumizwa na matibabu mfuko wa umma unakulipa, lakini umepoteza haki ya kumshtaki daktari fidia ya jeraha hilo. Sweden walianza bima ya wagonjwa inayofanana na hiyo 1975. California mwaka huo huo ilichagua kuwapunguzia madaktari mzigo kwa kuweka kikomo cha dola 250,000 kwa maumivu na mateso. Kikomo hicho kilikaa bila kupandishwa hadi sheria ilipobadilishwa 2022, na mfumuko wa bei ulikuwa umekila karibu chote. Mtu akija kutuuzia kikomo hapa, muulize kitapandishwa vipi. Yetu tunayo moja ya kujifunza: bima ya matatu ina kikomo cha shilingi milioni 3 na ni ya lazima, na bado kampuni kadhaa zilizokuwa zikiiuza zimeanguka zikiacha waliojeruhiwa wakishika hukumu za karatasi. Kusema tu "iwe lazima" hakutoshi kama hakuna anayeangalia kama kampuni inaweza kulipa.

Mimi nasomea siasa, si udaktari, kwa hivyo upande wangu ni huu: ningependelea mfuko mdogo wa kulipa haraka kwa hospitali za umma bila kupigania nani ana hatia, na Baraza libaki na kazi ya kuamua nani anafaa kuendelea kutibu. Utagharimu pesa, ndiyo. Lakini bado tunalipa sasa hivi, kwa harambee na paybill.

Mgombea akija mtaani kwenu na hadithi ya "nitajenga hospitali," muulize kaunti ina bima ya uzembe wa kimatibabu au haina, na ni ya kiasi gani. Muulize imelipa hukumu ngapi za aina hiyo na ngapi bado zimelala. Halafu muulize kama atakubali ile miezi 12 iwe miaka 3 kama ya wengine.

Na kama uko kwenye hali hii sasa hivi, andika tarehe ya tukio leo, omba nakala ya faili kwa barua na ubaki na barua yenye muhuri wa kupokelewa, kisha umwone wakili kabla ya mwezi wa tatu. Maswali leteni chini ya uzi, nitajibu ninayoweza usiku nikitoka darasani.