Filamu za Krismasi na mzigo wa Desemba: Mafunzo kwa familia za Lobule

Desemba inapokaribia, runinga na simu za mkononi hujaa filamu zilezile za Krismasi: mtoto aliyesahauliwa nyumbani, tajiri bahili anayetembelewa na mizimu, baba anayekosa usingizi kwa sababu ya deni. Wengi huzitazama kama burudani tu. Hata hivyo, zikiangaliwa kwa makini, zinaeleza jambo ambalo familia za makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, zinalifahamu vyema: sikukuu huwa mzigo mzito pale mtu anapoubeba peke yake, tena kwa siri.

Makazi ya Lobule yalifunguliwa mwaka 2013 ili kuwapokea watu waliokimbia machafuko ya kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi wao ni Wakakwa, jamii ambayo mipaka ya kikoloni iliigawa kati ya Uganda, Kongo na nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Kwa hiyo mkimbizi na mwenyeji wake mara nyingi wana lugha moja ya mama, na wakikutana sokoni na wageni wengine huchanganya Kiswahili, Kilingala na Kibangala.

Wenyeji nao wanaujua ukimbizi. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, maelfu ya watu wa West Nile walivuka mpaka kuingia Zaire na Sudan, na wako wazee waliosherehekea Noeli kadhaa ugenini kabla ya kurudi kwao.

Filamu za kigeni si ngeni katika ukanda huu. Katika miji na vituo vya biashara vya Uganda, vibanda vya video vimekuwa na watafsiri wanaojulikana kama VJ, ambao husimulia filamu kwa lugha za wenyeji huku wakiongeza maoni yao. Nchini Kenya, DJ Afro alipata umaarufu kwa kazi hiyo kwa Kiswahili, na nchini Tanzania alijulikana Lufufu. Wasimulizi hao waliwaonyesha watazamaji kwamba kisa cha Chicago au London kinaweza kusomwa kwa macho ya Koboko.

Kwa nini Desemba ni mwezi mgumu

Sababu ya kwanza ni kipato. Mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liliwagawa wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu kulingana na mahitaji, na waliohesabiwa kuwa na nafuu wakapunguziwa au kuondolewa msaada. Mwezi Mei 2025, shirika hilo lilitangaza kwamba ukosefu wa fedha umelilazimu kusitisha msaada wa chakula kwa watu milioni moja nchini humo. Kaya iliyozoea kupanga mwezi wake kwa kutegemea mgao sasa hupanga kwa kutegemea shamba dogo, vibarua na jamaa.

Sababu ya pili ni matarajio. Watoto hutazamia nguo mpya, ingawa ni za mitumba. Wageni hutarajia nyama au kuku badala ya ugali wa muhogo na sombe ya kila siku. Ndugu walio upande wa pili wa mpaka huja bila taarifa. Hakuna sheria inayoamuru haya, lakini kawaida ni kama sheria.

Sababu ya tatu ni kalenda. Muhula wa kwanza wa shule nchini Uganda huanza mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Ingawa mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza mwaka 1997, mzazi bado anahitaji fedha za sare, madaftari na michango. Fedha inayoliwa tarehe 25 Desemba ndiyo hiyohiyo inayotafutwa wiki chache baadaye.

Mzigo huo hauishii Lobule. Jamaa waliopata makazi mapya Ulaya, Marekani ya Kaskazini au Australia hupokea simu nyingi zaidi mwezi huo kuliko mwezi mwingine wowote. Aliye mbali hudhaniwa kuwa tajiri, na mara nyingi huona aibu kusema kwamba kodi ya nyumba imemshinda.

Home Alone: haraka huwasahaulisha watu

Filamu ya Home Alone, iliyotoka mwaka 1990 chini ya mwongozaji Chris Columbus, inajulikana kwa vituko vya mtoto Kevin dhidi ya wezi wawili. Chanzo cha kisa chote, hata hivyo, ni haraka. Umeme unakatika usiku, saa za kuamshia hazilii, na familia kubwa inayosafiri kutoka Chicago kwenda Paris inaamka imechelewa. Katika kuhesabu watoto, mtoto wa jirani anahesabiwa badala ya Kevin. Idadi inatimia, lakini mtu hayupo.

Kosa la namna hiyo hutokea hata mahali pasipo na ndege. Familia inaweza kuhesabu kilo za nyama, chupa za soda na jozi za viatu, kila kitu kikatimia, huku bibi mgonjwa au kijana aliyefiwa mwaka huo akiwa hajaulizwa hali yake. Haraka haraka haina baraka, na Desemba huwa na haraka kuliko miezi yote.

Filamu hiyo ina kisa kingine ambacho watazamaji wengi hukisahau. Mzee Marley, jirani anayeogopwa na watoto, anamweleza Kevin kanisani kwamba aligombana na mwanawe na hawasemezani tena. Kevin anamshauri ampigie simu. Filamu inapomalizika, mzee anaonekana akimkumbatia mwanawe. Kwa jamii ambayo mpaka na vita vimezitenganisha koo, somo ni wazi: simu ya kusuluhisha ugomvi haigharimu kama mbuzi, na huenda ikaleta utulivu ambao mbuzi hawezi kuuleta.

A Christmas Carol: ukubwa wa chakula na ukubwa wa aibu

Kitabu cha Charles Dickens, A Christmas Carol, kilichapishwa mwaka 1843 na kimetengenezewa filamu mara nyingi. Miongoni mwa zinazosifiwa sana ni ile ya mwaka 1951, ambayo Alastair Sim aliigiza kama Ebenezer Scrooge, bahili anayebadilika baada ya kutembelewa na mizimu katika usiku wa kuamkia Krismasi.

Wengi humkumbuka Scrooge, lakini somo kuhusu msongo wa mawazo limo katika nyumba ya karani wake, Bob Cratchit. Familia hiyo ina watoto wengi, mmoja wao mgonjwa, na mshahara hautoshi. Bata wao ni mmoja, na kitindamlo chao ni kidogo. Hata hivyo, hakuna mtu mezani anayelalamika kuhusu udogo huo, kwa sababu wote wanajua hali ya nyumba yao. Hakuna aliyeahidiwa zaidi ya kilichopo.

Hapa ndipo tofauti ilipo kati ya umaskini na aibu ya umaskini. Umaskini hauondolewi kwa maneno. Aibu huweza kupungua mzazi anapowaeleza watoto wake mapema kwamba Noeli hii kutakuwa na kuku mmoja na hakutakuwa na nguo mpya, kwani fedha iliyobaki ni ya shule. Mtoto aliyeambiwa mwanzoni mwa Desemba ana muda wa kulizoea jambo hilo. Anayegundua asubuhi ya sikukuu huona amedanganywa.

Dickens hakuandika ili kuwafundisha maskini kuridhika. Kisa chake kinamwelekea mwenye uwezo: Scrooge anabadilika, naye anampandishia karani wake mshahara. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini mwenye mali anayechelewesha ujira wa kibarua hadi baada ya sikukuu ana deni ambalo nyimbo za Krismasi hazilifuti.

It's a Wonderful Life: deni lililofichwa

Filamu iliyo karibu zaidi na maisha ya Lobule huenda ni ya zamani kabisa. It's a Wonderful Life, ya mwongozaji Frank Capra, ilitoka mwaka 1946. James Stewart ameigiza kama George Bailey, msimamizi wa chama kidogo cha akiba na mikopo ya nyumba. Katika mkesha wa Krismasi, mjomba wake anapoteza dola 8,000 za chama. George haisemi siri hiyo nyumbani. Anawafokea watoto, anaondoka, na kufika darajani akiwa na nia ya kujiua.

Malaika anamwonyesha jinsi mji wake ungekuwa kama asingezaliwa. Lakini deni halilipwi na malaika. Linalipwa kwa sababu mkewe, Mary, anapata habari na kuwaeleza watu. Majirani wanakuja na walichonacho, na meza inajaa fedha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. George alikaribia kufa kwa kuficha, na aliokolewa na mtu aliyesema.

Mapema katika filamu hiyo, wanachama wanapotaka kutoa akiba zao zote kwa hofu, George anawaeleza kwamba fedha hazimo kasikini. Zimo katika nyumba za majirani waliokopeshwa. Maelezo hayo yataeleweka mara moja kwa yeyote aliye katika kikundi cha kuweka na kukopa. Mfumo wa vikundi hivyo vya vijijini ulianzishwa nchini Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na sasa umeenea Afrika Mashariki. Watu wapatao 15 hadi 25 hununua hisa kila wiki, fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mwisho wa mzunguko, ambao aghalabu ni mwaka mmoja, akiba na faida hugawanywa. Vikundi vingi hupanga siku hiyo iangukie Desemba.

Pale filamu zinapokomea

Filamu hizi zina upungufu unaopaswa kusemwa. Majirani wa George Bailey walikuwa na fedha za kuleta. Huko Lobule, mgao unapokatwa, hukatwa kwa nyumba nyingi kwa wakati mmoja, na jirani anayeombwa msaada huenda naye alikuwa anajiandaa kuomba. Wema wa mkesha wa sikukuu hautoshi. Ule ulioandaliwa tangu Machi, hisa moja kila wiki, ndio unaoweza kutegemewa.

Hata akiba hiyo inaweza kupotea kwa siku mbili. Baadhi ya mambo yanaweza kusaidia. Mwanachama na mwenzi wake wanaweza kukubaliana kabla ya siku ya mgawanyo ni kiasi gani cha sikukuu na kiasi gani cha shule, na kununua madaftari siku hiyohiyo, kabla ya nyama. Familia kadhaa zinaweza kuchangia mnyama mmoja badala ya kila nyumba kujikaza peke yake. Nazo familia za Kikristo na za Kiislamu, zinazoishi pamoja Koboko, zinaweza kualikana kwa zamu, Noeli na Idi, ili hakuna anayebeba gharama za wageni mwaka mzima.

Kwa aliye ughaibuni, ni afadhali kutaja mapema kiasi anachoweza kutuma, hata kikiwa kidogo, kuliko kunyamaza hadi tarehe 24. Ni vyema pia kukumbuka makato. Nchini Uganda, anayetoa fedha kwenye simu hutozwa kodi ya asilimia 0.5, yaani shilingi 500 kwa kila shilingi 100,000, mbali na ada ya kampuni ya simu.

Akili nayo huhitaji huduma

Msongo wa mawazo haumalizwi na bajeti pekee. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitayarisha mafunzo ya kikundi yanayotumia sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, katika vikao vitano. Mafunzo hayo yalijaribiwa katika makazi ya Rhino Camp, pia katika eneo la West Nile, kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba miezi mitatu baadaye, walioshiriki walikuwa na dhiki ya moyo iliyopungua kuliko wasioshiriki.

Baadhi ya mbinu zake ni nyepesi. Mtu anapozidiwa na mawazo hukanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, huvuta pumzi polepole, kisha hutaja kimoyomoyo anachokiona na kukisikia. Baadaye hujiuliza ni jambo gani analolithamini zaidi, na kufanya kitendo kimoja kidogo kinacholingana nalo: kumtembelea mgonjwa, kucheza na mtoto, kumwomba radhi ndugu.

Lakini anayefikia hali ya George Bailey pale darajani, akawaza kujidhuru, hapaswi kuachwa ajaribu mbinu hizo peke yake. Anapaswa kumwambia mtu leo: jamaa, kiongozi wa dini, mjumbe wa kamati ya wakimbizi, mhudumu wa afya wa kijiji au kituo cha afya kilicho karibu. Naye anayeambiwa hahitaji kuwa na dola 8,000. Anahitaji kuketi, kusikiliza na kumsindikiza mwenzake hadi kwenye huduma.